Maji ya Balbina

Mwezi ule wa Agosti, mwaka 1905, salamu zilianza kupungua misheni. Wanawake waliozoea kupita mlangoni mwa zahanati ya Sista Scolastica wakienda mtoni sasa walizunguka nyuma ya shamba la mihogo, na aliyekutwa njiani aliitikia huku akitazama chini. Hakuna aliyekuwa mkali. Hilo ndilo lililomnyima Sista amani.

Alikuwa ametoka kwao Ujerumani miaka miwili kabla, binti wa mfuga ng'ombe wa milimani, akiamini Mungu amemtuma kuwaletea imani watu wa bonde la Kilombero. Alifunga vidonda, akafundisha sala, na wagonjwa mahututi aliwabatiza kwa mkono wake. Lakini yeye mwenyewe kila alipopiga magoti alikutana na kimya kitupu. Siri hiyo hakumwambia mtu.

Aliyemsaidia kazi alikuwa Balbina, mjane wa Kindamba aliyebatizwa mwaka uliopita. Sasa Sista alianza kumchunguza. Kwa nini ameacha kula nyama? Kwa nini kichwa chake kinanuka mafuta ya mbarika? Na kile kibuyu kidogo alichokificha ndani ya kaniki yake, kina nini? Bruda Theodori, seremala wa misheni, alimweleza kwamba watu wanakunywa dawa ili risasi za Wajerumani zigeuke maji, akaongeza kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Kisha akapanda Mahenge kutafuta habari, asirudi.

Siku ya nne tangu Bruda aondoke, jua likiwa utosini, Balbina aliingia zahanati bila kubisha hodi. Alisema boma la Mahenge limezingirwa na njia za upande ule zimefungwa. Mtumbwi uko tayari. Waondoke sasa hivi.

"Nani amekwambia?" Sista aliuliza.

"Waliokuja kunipa maji," Balbina alijibu, bila kuficha.

Sista alitia mfukoni mkasi wa kukatia bandeji, akamfuata, kwa kuwa kubaki peke yake kulimtisha zaidi.

Mtumbwini hakuthubutu kumpa mgongo. Balbina alisukuma kwa pondo akielekea juu ya mto badala ya kukata moja kwa moja hadi ng'ambo. Alipoulizwa alisema kuna viboko. Sista hakuona kiboko hata mmoja. Alijaribu kusali, maneno yakamkauka kabla ya amina.

Kwenye kona ya matete walisimama wanaume saba wenye mikuki, wamejifunga mabua ya mtama vichwani. Balbina alielekeza mtumbwi kwao. Basi, Sista aliwaza, nimeuzwa. Walizungumza Kindamba, upesi upesi, naye hakuambulia ila jina lake. Kisha Balbina akafungua kibuyu.

"Inama, Sista," alisema kwa Kiswahili. "Nikikupaka utakuwa mtu wangu. Aliyepakwa hawamgusi."

Angeweza kukataa. Aliwajua watakatifu waliokufa kwa kukataa mambo madogo kuliko hilo. Sanamu zao alizibusu tangu utotoni. Vidole vyake vilikuwa kwenye mkasi. Kisha akainama. Maji yalimtiririka usoni, vuguvugu, yakinuka mafuta, na hapo akakumbuka vichwa vyote alivyovimwagia maji yeye, vilivyoinama vivyo hivyo mbele yake. Wangapi waliinama kwa imani? Wangapi kwa hofu, wasijue kama mkono ule unaokoa au unaua? Hakuwahi kuwauliza. Aibu ilimjaa, na ndani ya aibu ile, kwa mara ya kwanza tangu aje, akaweza kusali. Hakuomba kuokolewa. Aliomba kusamehewa.

Wanaume wakawapisha.

Ng'ambo Balbina alimwonyesha njia, akarudi. Siku ya tatu Sista alifika kambi ya askari karibu na Kidatu. Ofisa wa Kijerumani alimpa kahawa, akafungua daftari, akataka majina ya waliokunywa dawa. Je, aliyemvusha alikuwa amekunywa? Sista alisema alivushwa na Mkristo, na zaidi ya hapo hakuona kitu. Ofisa alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyenusa jambo. Hakumwuliza tena, wala hakumwongeza kahawa.

Alirudi bondeni mwaka 1907. Askari walikuwa wamechoma maghala ya mpunga, na njaa ilikuwa imemaliza vijiji vizima. Alimkuta Balbina kando ya msitu, amekonda, anachimba mizizi ya porini. Sista alimwamkia shikamoo. Balbina hakuitikia.

"Uliwaambia nini wenye bunduki?"

"Sikuwatajia jina la mtu."

"Mbona walichoma kwetu kwanza?"

"Sijui, mama."

Balbina alimtazama jinsi Sista alivyomtazama yeye siku ile mtumbwini. Hakusema kama ameamini. Sista hakuapa, alijua kiapo cha mwenye kushukiwa hakina uzito. Alipiga magoti udongoni, akaanza kuchimba kwa mikono upande wa pili wa mzizi uleule, na Balbina hakumfukuza.