Mtoto Yangu Iko Mugonjwa

Letisia alikulia kwenye kambi ya wakimbizi upande wa Kigoma. Aliporudi Burundi na mumewe Manase, walipewa kipande cha shamba la baba mkwe nje kidogo ya mji wa Muyinga, na mara moja kikaanza kugombaniwa. Shemeji walitaka shamba, walitaka hata mabati. Kirundi chake walikicheka, kwa kuwa alikichanganya na Kiha cha majirani wa kambini na kila sentensi aliitoa kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kitu pekee alichorudi nacho na ambacho hakuna aliyekigusa ni Kiswahili. Alikisoma shuleni kambini kwa mwalimu mkali, akakipenda, na huku Muyinga hapakuwa na shemeji wa kumfikia.

Ndiyo maana alifurahi sana alipoingizwa kwenye kikundi cha WhatsApp cha akina mama wa maombi. Kikundi kilianzia kwenye semina ya kanisa mjini Gitega, na waliokuwepo wakawa wanaongeza wenzao. Wengi walikuwa wafanyabiashara Wakongo kutoka Uvira na Fizi, wengine Warundi waliorudi kutoka Tanzania kama yeye, hivyo waliandikiana kwa Kiswahili. Aliyekiongoza alikuwa Mama Donatienne, mkulima wa Buraza aliyejifunza Kiswahili sokoni kwa kuuza mawese.

Letisia hakuchukua muda kuanza kusahihisha. Mtu akiandika “tumushukuru Mungu ametupiganiya”, yeye aliweka nyota chini yake na kuandika: “Tumshukuru. Ametupigania.” Akiandika mwingine “ba mama muko wapi”, alimwekea nyota: “Akina mama, mko wapi?” Hakufanya kwa ubaya. Baadhi walimshukuru, na mmoja akambandika jina la Madame Kiswahili, jina ambalo alilipenda kuliko alivyokubali mbele ya mumewe. Ambacho hakukiona ni kwamba wengine waliacha kabisa kuandika. Walituma picha ya mikono ya sala, basi.

Asubuhi moja ya msimu wa maharagwe, akiwa amekaa kizingitini anapepeta, simu ililia. Aliyeandika alikuwa Ketsia, mama mmoja wa Uvira aliyekimbilia Gitega na binti yake mdogo Arielle. Alikuwa na meza ya vitenge mtaa wa Magarama na alipanga chumba mtaa wa Musinzira, hapo hapo Gitega. Mumewe alikuwa bado ng'ambo ya mpaka. Letisia alimfahamu kwa picha tu. Ujumbe ulikuwa mrefu, bila nukta wala mkato, na ulianza hivi:

“Ba mama muniombeye mtoto yangu iko mugonjwa”

Letisia aliona “yangu” na “iko” na “mugonjwa” kwa pamoja, na vidole vikaenda vyenyewe. Aliweka nyota. “Mtoto wangu ni mgonjwa. Mtoto ni mtu, dada, hawezi kuwa ‘yangu’ wala ‘iko’.” Akaongeza uso unaotabasamu ili isionekane kama ukali, akaweka simu chini, akaendelea kupepeta.

Mtu mmoja akacheka kwa picha. Mwingine akaweka mikono ya sala. Baada ya muda simu ikaandika kwamba Ketsia ametoka kwenye kikundi.

Letisia aliliona hilo mchana, akipakua chakula. Alimwonyesha Manase.

“Amekasirika kwa kitu kidogo hivi?” alisema.

Manase alichukua simu, akaisoma taratibu. Alikuwa mtu wa kusoma taratibu. “Mtoto anaumwa nini?”

“Sijui.”

“Imeandikwa hapa.”

Alimrudishia simu, na Letisia akasoma kwa mara ya kwanza mpaka mwisho: “...anatapika tangu jana na iko na fievre homa mingi tuko hapa ku opitali ya Gitega tangu usiku mi siwezi kumuacha peke yake na sina mutu wa kuniletea hata uji kama kuna mama iko karibu anisaidiye Mungu atamubariki”.

Katika hospitali za huku mgonjwa analishwa na watu wake. Wanakuja na vyungu na chupa za chai asubuhi na jioni, na asiye na watu anaangalia walioko vitanda vya jirani. Ketsia hakuwa na mtu Gitega. Kikundi ndicho kilikuwa watu wake, na alikuwa amekiacha.

Letisia alimpigia. Simu haikupatikana. Alipiga tena na tena, mpaka Manase akamwambia aache, pengine imezimika, hospitalini mtu atachaji wapi.

Jioni Mama Donatienne alimtumia ujumbe wa sauti, peke yake, si kwenye kikundi. Nyuma yake alisikika mbuzi.

“Mama Longino,” alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza, “tunajua we unajua Kiswahili, hakuna mutu anakatala. Lakini Ketsia alikuwa anaomba uji. Ba mama ba Musinzira bengine hata habakumaliza kusoma, baliona unamufundisha, bakafikiri ni mambo ya masomo. Sasa simu yake haipiti. Mi niko Buraza, niko navuna, sina namna ya kufika. Basi. Nilitaka tu ujue.”

Hakumtukana. Letisia angependa atukanwe kidogo. Kulipokucha alifunga unga na maharagwe kwenye mfuko.

“Unaenda kumwomba radhi au kumsahihisha tena?” Manase aliuliza.

“Sijui nitasema nini. Ila nitapeleka chakula.”

Esanse, yaani petroli, ilikuwa imeadimika tena. Kwenye kituo cha Muyinga magari madogo yalikuwa yamepangwa kama yanayouzwa, madereva wamelala ndani na milango wazi. Letisia alisubiri mpaka jua likawa kali, ndipo dereva wa lori la mpunga aliyekuwa akienda Gitega kupitia Karuzi akakubali kumpa nafasi mbele. Njia nzima aliandaa maneno. Aliyaandaa kwa Kiswahili kizuri, yenye mwanzo na mwisho, na kila alipoyarudia yalimjia kama hotuba ya mkuu wa shule. Kufika Gitega alikuwa ameyatupa yote.

Alianzia Magarama, kuuliza kama bado wako hospitalini. Meza ya Ketsia ilikuwa imefunikwa turubai na kufungwa kamba. Jirani yake, muuza viatu aliyeitwa Chabani, alimtazama yeye na mfuko wake.

“Unamutafuta Mama Arielle? Haiko. Iko ku opitali na mtoto, hii ni siku ya tatu. Mi nilimupelekea mikate jana. We ni dada yake?”

“Hapana,” Letisia alisema. “Ni mtu wa kikundi cha maombi.”

“Ah. Afadhali mumefika.”

Maneno hayo yalimchoma kuliko ya Donatienne. Alimwachia Chabani mfuko wa unga na maharagwe, akaingia kwenye mgahawa wa jirani, akanunua wali, maharagwe na uji, vikatiwa kwenye vyombo vyenye vifuniko, akauliza njia, akaenda kwa miguu.

Wodi ya watoto ilikuwa imejaa. Alimtambua Ketsia kwa picha, ingawa uso ulikuwa umepungua. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, na msichana wa miaka kama sita amelala na kichwa juu ya paja lake, sindano ya dripu mkononi. Letisia alisimama mbele yao na vyombo vyake.

“Karibu,” Ketsia alisema, akidhani amekosea kitanda. “Unatafuta nani?”

“Nakutafuta wewe. Ni mimi, Mama Longino. Wa Muyinga.”

Ketsia alimtazama usoni. “Ule wa nyota.”

Letisia alisikia neno “yule” likipanda kooni mpaka kwenye meno. Akalimeza. “Ndiyo,” alisema. “Mimi.”

“Umekuja kufanya nini?”

“Nimeleta uji.”

Ketsia hakupokea. Alizungumza kwa sauti ndogo, kwa ajili ya mtoto, na kwa hiyo kila neno lilisikika vizuri. “We, mi niliandika na mkono moja. Mkono ingine ilikuwa inamushika huyu, alikuwa anatetemeka yote. Mi sikuwa masomoni. We uliona ‘yangu’, haukuona mtoto. Na balinicheka. Mi niko hapa na mtoto yangu, na batu banacheka.”

“Sikusoma mpaka mwisho,” Letisia alisema. “Nilisoma mstari wa kwanza nikajibu. Sina neno la kujitetea. Nisamehe, dada.”

“Mi sijui kama nitakusamehe.”

“Sawa. Lakini mtoto ale.”

Arielle alikuwa amefungua macho, akiangalia vyombo. Hilo ndilo lililoamua. Ketsia alipokea uji, akafungua kifuniko, akaupuliza, akaanza kumlisha kijiko kwa kijiko. Letisia alikaa sakafuni na kuegemea ukuta. Mtoto alipomaliza, Ketsia mwenyewe alikula wali wote, kama mtu aliyesahau kwamba njaa ipo.

Baadaye muuguzi alipita na dawa, akaeleza kwa Kirundi namna ya kumpa mtoto akitolewa dripu. Alikuwa na vitanda vingi, akasema haraka. Ketsia, ambaye hakujua Kirundi, alishika neno la malaria tu. Letisia alisimama, akamwomba arudie. Aliuliza kwa Kirundi chake hicho hicho, Kiha kikiingia katikati, akikwama, akianza upya: vidonge vinaanza lini, vinatolewa kabla ya chakula au baada, akivitapika afanye nini? Mama wa kitanda cha pili alianza kucheka. “Uyu ni Umuha,” alimwambia mwenzake, kwamba ni Muha wa Tanzania, naye akacheka pia, na mmoja akaiga jinsi Letisia alivyotamka. Muuguzi hakucheka. Alijibu yote, mara hii polepole. Letisia aliendelea kuuliza mpaka alipokuwa na hakika, kisha akamgeukia Ketsia na kumweleza kwa Kiswahili.

“Bale banakucheka,” Ketsia alisema muuguzi alipoondoka.

“Kila siku. Kwenye kikundi cha ukoo wa mume wangu sijawahi kuandika hata neno moja. Wanaandika Kirundi. Niliandika mara moja kumpongeza wifi aliyejifungua, shemeji akanukuu sentensi yangu na kuiweka kwa watu wote. Tangu hapo nasoma tu.”

Ketsia alimtazama, na Letisia alijua anachokifikiri hata kabla hajasema.

“Na bado ukanifanyia mi vile.”

“Na bado.”

Letisia alikusanya vyombo, akaenda kuviosha nje. Jioni ilipofika Ketsia alimtolea ufunguo wa chumba chake cha Musinzira. “Jiko iko inje, makaa iko chini ya meza. Kesho ukileta uji, uweke sukari kidogo. Ile ya leo ilikuwa bila sukari.”

Letisia alibaki Gitega mpaka Arielle aliporuhusiwa kutoka. Alichukua mfuko wake kwa Chabani, akapika, akapeleka, akakaa na mtoto huku Ketsia akienda kuoga na kufungua meza yake saa chache. Wakati wa kuagana Ketsia hakumkumbatia. Alimpa mkono, akamwambia asalimie nyumbani.

Alipofika Muyinga aliandika kwenye kikundi kwamba Ketsia alikuwa ameomba chakula na yeye akamjibu sarufi, kwamba amemwomba radhi uso kwa uso na anawaomba radhi wote, na kwamba hatasahihisha tena mtu ambaye hajamwomba. Watu waliitikia kwa mikono ya sala. Mmoja wa Musinzira aliandika: “hata sisi tulikosa atukumaliza kusoma.” Mama Donatienne akamrudisha Ketsia kwenye kikundi, na Ketsia akatoka tena siku hiyo hiyo. Letisia aliona ni haki yake.

Hata hivyo Ketsia alianza kumwandikia Letisia peke yake. Mwanzoni ilikuwa ni habari za mtoto: amekula, amerudi masomoni, ameongezeka. Kisha habari za soko. Aliandika vilevile alivyoandika siku zote, na mara nyingine akauliza mwenyewe: “hii naandika na l ao r?” Letisia alimjibu l au r, akaishia hapo. Haikuwa rahisi. Kuna siku aliandika sentensi nzima ya maelezo kuhusu ngeli, akaifuta.

Mama Donatienne naye alibadilisha kitu kimoja. Aliweka utaratibu kwamba mtu akiomba msaada, wa kwanza kusoma ampigie simu kabla ya kuandika chochote. Akina mama walionyamaza wakaanza kurudi mmoja mmoja, na makosa yao yote. Kwa hao Letisia alisoma na kujibu kama wengine. Ketsia alirudi wa mwisho, bila kusema sababu. Siku moja jina lake lilikuwepo tu, akiuliza nani anajua bei ya mawese Buraza.

Msimu wa kiangazi Ketsia alipanda Muyinga na mzigo wa vitenge, kujaribu soko la huko, akamleta na Arielle. Walifikia kwa Letisia. Wanawake wa Muyinga walipapasa vitambaa, wakavinyoosha juani, wakabishana bei kwa Kirundi. Ketsia alihesabu kwa vidole na Letisia alitafsiri kwa Kirundi chake kile kile. Watu walicheka, na wakanunua. Mzigo haukwisha wote. Vilivyobaki ni vya rangi ya kijani, ambavyo Ketsia alisema Gitega pia havikupendwa, alikosea kuvichukua.

Jioni walikaa nje wakila ugali na dagaa wa Tanganyika ambao Ketsia aliwaleta. Manase aliuliza kuhusu Uvira. Ketsia alieleza kwa kirefu: nyumba waliyoiacha, mume aliyepiga simu wiki iliyopita na kusema barabara bado haijatulia, mama mkwe asiyetaka kuondoka. Letisia alimsikiliza mpaka alipomaliza. Kisha akamuuliza kama angependa kubaki mpaka Jumatatu, siku ya pili ya soko, na Ketsia akasema atabaki, kama Arielle hatawachosha na maswali yake.