Stima ya Mchana

Jumanne ya pili ya mwezi wa Februari, Daktari Virginia Mutegi alimalizia chai yake kwenye korido, akafunika chupa, akavaa koti jeupe na kurudi maabara. Chakula na vinywaji havikuruhusiwa ndani. Sheria hiyo aliiandika yeye mwenyewe na kuibandika mlangoni, na hakuwahi kuivunja.

Maabara ilikuwa chini kabisa ya jengo la uhandisi, dakika kumi kwa miguu kutoka Makutano, mjini Meru. Malori yalipobadilisha gia kuingia mjini, vioo vya madirisha vilitetemeka. Kwa sababu hiyo meza ya vipimo iliwekwa juu ya matairi manne ya gari yaliyojazwa mchanga, na juu yake siku hiyo ilikaa fuwele ya kumi na nne. Kumi na tatu za mwanzo zilipasuka zikipoa. Hii haikupasuka. Ilikuwa ya kijani kibichi, pana kama kifuniko cha chupa ya chai, na Virginia hakushangaa kwamba imefaulu. Alikuwa ameshatenga rafu ya kuiweka.

Alizaliwa Kanthiga, kijiji cha Mbeere kisichozidi mwendo wa saa moja kutoka soko la Kiambere. Wazazi wake walihamishiwa hapo bwawa la umeme lilipojengwa. Nyaya kubwa za kutoka bwawani hupita juu ya kijiji kuelekea mbali, na akiwa mdogo alimuuliza mwalimu wake kwa nini zinanguruma zaidi asubuhi zenye umande. Mwalimu akamwambia hilo ni swali la injinia. Basi akawa injinia. Alisoma uhandisi wa umeme Nairobi, kisha miaka sita Japani akisomea semikondakta, yaani vitu ambavyo havipitishi umeme ovyo kama shaba wala haviuzuii kabisa kama kioo, bali huupitisha kwa masharti. Masharti hayo ndiyo yaliyompendeza.

Alichokuwa akikitafuta kinaitwa silikoni kabaidi. Swichi iliyotengenezwa nacho hubeba umeme mwingi bila kuchemka, na umeme huo husafiri mbali bila kupotea njiani. Wengine hukitengeneza kwa unga ulioagizwa kutoka ng'ambo. Virginia aliona kwamba ukikivua jina lake kubwa ni mchanga na makaa vilivyopikwa pamoja kwa joto lisilo la kawaida, na kwao hakuna kilichokuwa kingi kuliko mchanga na makaa. Mchanga aliuchota mto Tana kwa mikono yake, chini ya kijiji. Makaa ya mgunga aliletewa na mama yake, gunia moja, limefungwa kwa matawi mdomoni kama la kupeleka sokoni.

Saa nne na nusu aliunganisha swichi ya fuwele ile na kufungulia umeme. Mita ya kuingilia ikasoma wati elfu moja. Mita ya kutokea ikasoma mia tisa na sitini.

"Arobaini zimeenda wapi?" aliuliza Hassan.

Hassan alikuwa fundi wa maabara, mtoto wa muuza nyama wa mjini, mtu wa mikono mitulivu kuliko wote chuoni. Virginia aliigusa fuwele. Umeme ukipotea hugeuka joto, na fuwele ilikuwa baridi kama sahani.

"Ziko mahali," alisema. "Tutazipata."

Walizitafuta siku kumi. Walibadilisha nyaya, wakabadilisha mita, wakahamisha meza. Zilikuwa arobaini kila siku, tangu saa mbili asubuhi walipowasha hadi saa kumi na nusu walipozima.

Ijumaa ya wiki ya pili mama yake alipiga simu. Mama yake, Gatakaa, alichaji simu Ijumaa tu, alipokwenda sokoni.

"Ile balbu ya baba yako inawaka," alisema.

"Balbu gani?"

"Kwani tuna ngapi?"

Balbu hiyo Virginia aliijua. Baba yake aliinunua mwaka ambao watu wa vipimo walipita Kanthiga wakipaka namba nyeupe milangoni, wakaiambia kila nyumba ijitayarishe, umeme ungefika kabla ndengu hazijavunwa. Baba aliining'iniza kwenye boriti ya sebule kwa kamba ya mkonge ili stima ikija isisubiri. Ndengu zilivunwa mara nyingi tangu hapo. Baba mwenyewe alikuwa na miaka kumi na mmoja kaburini. Waya haukuwahi kuigusa balbu ile.

"Ilianza lini kuwaka?"

"Jumanne ya wiki iliyopita. Saa nne na nusu, nikipepeta, redio ikisoma matangazo ya vifo."

"Na huzima?"

"Saa kumi na nusu. Nilidhani ndivyo zinavyofanya."

"Hebu niambie imeandikwa nini ukifika nyumbani."

"Nilishapanda kiti nikaangalia. Nne na sufuri. Na ni ya moto, usinitume tena."

Virginia alimshukuru, akafungua daftari la maabara na kuandika: Upotevu, wati 40. Mahali, sebuleni kwa mama. Akatia tarehe na sahihi, na Hassan akatia yake. Mchana huo alikula vizuri.

Majirani wa Gatakaa nao walikuwa na balbu zao za mwaka ule, nyingine boritini, nyingine sandukuni zimefungiwa kwenye leso. Walizitoa, wakazifuta vumbi, wakazining'iniza kwa kamba. Kila iliyoning'inizwa ilionekana kwenye mita huko Meru papo hapo.

"Mtu ameweka ya sitini," Hassan alisema asubuhi moja akitazama mita.

"Huyo ni mwalimu mkuu. Hawezi kuweka ndogo."

Kufikia Aprili taa ziliwaka katika nyumba arobaini na moja, zote zenye namba nyeupe mlangoni, na ilibidi Virginia apandishe umeme wa kuingilia hadi wati elfu tatu. Mwenye duka aliyehamia Kanthiga baadaye aliweka balbu mpya tatu na hakuna iliyowaka. Hakulalamika. Alisema yeye hakuahidiwa kitu.

Shida ilikuwa saa. Maabara ilifanya kazi mchana, na mchana jua la Mbeere halihitaji msaada. Watu wa Kanthiga wakajipanga. Saa sita walifunga madirisha na milango, wakaziba nyufa kwa magunia, wakakaa chini ya taa zao. Wanawake walichagua ndengu. Wazee walivaa mashati ya kanisani na kutembeleana gizani ili wamulikiwe. Shule ilihamisha masomo ya jioni ikayaweka baada ya chakula cha mchana, na watoto walitoka humo wamelowa jasho na wamemaliza hesabu zao zote.

Virginia alikwenda kwa Profesa Mithika, mkuu wa idara, na kuomba maabara ifanye kazi mpaka saa tatu usiku.

"Jengo hufungwa saa kumi na moja," Profesa alisema. "Mlinzi ana funguo za majengo matano. Lakini utafiti wako naujua. Nitakupa Ijumaa moja, mpaka saa moja na nusu."

Ijumaa hiyo Virginia na Hassan walikaa kando ya meza wakiangalia mita. Hassan alitoka kuswali magharibi, akarudi. Saa moja na dakika ishirini simu ililia.

"Nimesimama mlangoni," mama yake alisema. "Kuna mtu anapita njiani na nimemjua kabla hajasema. Ni yule mke wa Mutwiri. Amezeeka, Virginia! Huwa namwona mchana kila siku na sikuwa nimeona."

Virginia alisikia watu nyuma ya sauti ya mama yake, wengi, wakiitana kwa majina kutoka nyumba hadi nyumba. Saa moja na nusu mlinzi alibisha hodi akiwa na funguo. Hassan alimtazama Virginia, na Virginia mwenyewe ndiye aliyezima. Sauti za simuni hazikukoma mara moja. Ziliendelea kidogo, kisha zikapungua.

Jumatatu alipata barua ya idara. Ilisema ruhusa ya aina hiyo haitatolewa tena.

Utafiti wake ulidhaminiwa na kampuni ya umeme, na kampuni haikupenda ule upotevu. Ikamtuma mkaguzi, Bwana Kiunga, mtu mpole mwenye ngazi juu ya gari. Virginia alichukua likizo ya siku mbili akafuatana naye Kanthiga, na Hassan akabaki kuiwasha fuwele. Saa nne asubuhi Kiunga aliegemeza ngazi kwenye boriti ya Gatakaa, akapanda, akaitazama balbu, akafuata kamba ya mkonge kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Mama, hii stima umeiunganisha wapi?"

"Sijaunganisha. Inakuja."

"Inakuja." Kiunga alitoa fomu. "Waya?"

"Hakuna."

"Mita?"

"Hakuna."

"Nguzo?"

"Wewe uliiona njiani?"

Kiunga aliandika hakuna mara tatu. Chini yake palikuwa na swali la mwisho: Je, taa inawaka? Aliinua macho, akaona inawaka, akaandika ndiyo. Gatakaa akampa uji wa mtama, akanywa bakuli mbili, akaenda nyumba ya pili. Kufikia jioni alikuwa amejaza fomu arobaini na moja.

Wiki tatu baadaye Virginia alikwenda ofisi ya kampuni mwenyewe. Alikuwa amechora njia ya nyaya kutoka laini iliyo karibu hadi katikati ya kijiji. Zilihitajika nguzo ishirini na sita, na mchoro ulikuwa safi kiasi kwamba fundi yeyote angeuchukua na kuanza kuchimba siku hiyo. Ofisa wa mipango, Beverlyne, aliusifu. Kisha akafungua ramani kwenye kompyuta. Vijiji visivyo na umeme vilikuwa vyekundu. Kanthiga ilikuwa ya kijani.

"Hapa mmeshapata, Daktari. Mkaguzi alithibitisha nyumba zote."

"Inawaka mchana tu."

"Fomu haiulizi saa."

"Basi nipe fomu inayouliza saa."

Beverlyne aliitafuta kwa dhati, droo hadi droo, akaomba radhi. Haikuwapo. Badala yake alikuwa na barua ya wakubwa wake: kampuni ilitaka fuwele nyingine, ya unga wa kuagizwa, isiyopoteza kitu.

Virginia aliisoma barua hiyo kwenye ngazi za ofisi, mara mbili. Mara ya kwanza hasira ilimpanda mpaka masikioni. Mara ya pili aliisoma kama injinia. Aliijua kazi hiyo, hakuna mwingine nchini aliyeijua, na kampuni ilijua hivyo. Akakubali, kwa sharti moja. Fuwele ya kumi na nne ingebaki mezani na kuwashwa kila siku ya kazi, muda wote wa mradi na miaka thelathini baada yake, kwa ajili ya kulinganisha. Wanasheria walisoma neno kulinganisha wakaona ni la kisayansi. Wakatia sahihi.

Fuwele ya kumi na tisa ilitoka safi kama maji. Umeme ulioingia ndio uliotoka. Swichi zake zilifungwa kwenye laini kuu, na miji ya mbali ikapata umeme zaidi kutoka bwawa lilelile. Virginia akawa mkurugenzi wa kituo kipya cha utafiti, chenye tanuri tatu. Makala yake ilichapishwa. Mhakiki mmoja aliuliza upotevu wa fuwele ya kumi na nne unakwenda wapi hasa, na Virginia akaambatisha orodha ya nyumba arobaini na moja pamoja na majina ya wenyewe. Mhakiki alijibu kwamba ameridhika, ila jina la Mutwiri limeandikwa mara mbili. Walikuwa Mutwiri wawili.

Agosti ya mwaka uliofuata alikwenda nyumbani kwa likizo. Siku ya pili, saa tano, gari la kampuni liliingia Kanthiga na mafundi wanne. Walichimba shimo mbele ya shule, wakasimamisha nguzo, nguzo nzuri ya mti uliotiwa dawa, ya kwanza kusimamishwa kijijini. Watu walitoka nyumbani kuitazama. Waya hawakuleta. Mafundi wakapigilia bango juu yake: KANTHIGA, KIJIJI CHENYE UMEME.

Gatakaa aliwapelekea maji ya kunywa. Mkubwa wa mafundi alirudi nyuma hatua chache, akafunga jicho moja.

"Injinia," alimwita Virginia, "wewe ndiye mwenye macho. Imenyooka?"

Virginia aliitazama nguzo kwa makini.

"Imeinama kidogo kushoto," alisema.

Wakailegeza, wakaisukuma kulia, na yeye akaishikilia kwa mikono miwili mpaka waliposhindilia udongo.