Engozi Kwenye Tope la Rugu

Tope la barabara ya Rugu lilimmeza Elpidius hadi magotini, lakini bega lake halikuinama. Juu ya bega hilo ulikaa mti wa engozi, machela ya kusukwa, na ndani yake alilala Stephania, mkewe, aliyekuwa na uchungu tangu jana bila mtoto kutoka. Hospitali ilikuwa mbali. Wanaume wa kijiji walipokezana huku wakitembea, maana kwao engozi yenye mtu hai haiwekwi chini njiani. Inayowekwa chini ni ya maiti.

Bondeni, kati ya mafunjo, gari la karani wa barabara lilikuwa limezama na kuziba njia yote. Karani mwenyewe, Cassian, kijana wa Bukoba, alisimama juu ya jiwe asije akachafua viatu.

"Shikamoo, bwana karani," Elpidius alisema, ingawa angeweza kumzaa.

"Marahaba. Wekeni huo mzigo, msukume gari."

"Ni mke wangu, bwana. Anajifungua. Likitoka, utamchukua hadi hospitali?"

"Gari la serikali halibebi wagonjwa."

Kila msimu kahawa ya Elpidius ilikatwa senti za barabara, na kila msimu senti hizo zilikwenda kutandaza kokoto Bukoba.

"Na barabara yetu, bwana? Sisi nasi tunalipa."

"Barabara hujengwa penye mzigo. Kahawa yenu ni kidogo."

"Ni kidogo kwa sababu inaozea njiani."

"Ongezeni bidii, mtafikiriwa. Sasa sukumeni, au niwashtaki kwa mkungu anayewatawala?"

Mwenye nguvu mpishe. Walikata majani ya mafunjo, wakayatandaza, wakaiweka engozi juu yake. Mzee Anatory, mmoja wa wabebaji, aligeuza uso asione.

"Mbona mmenilaza chini?" Stephania aliuliza.

"Tunapumzika kidogo," Elpidius alimdanganya, na uongo huo ulimuuma.

Cassian akaingia garini kushika usukani, nao wakasukuma. Magurudumu yaliwarushia tope machoni na midomoni, kisha gari likachomoka, likashika njia ileile ya hospitali na viti vyake vya nyuma vitupu. Cassian hakutazama nyuma.

Walipoinua tena engozi, njia haikuwepo. Pale gari lilipokuwa, magurudumu yalikuwa yamechimba mashimo mawili, na maji ya bondeni yalikuwa yakiyajaza. Elpidius akatangulia. Shimo la kwanza lilimfika kiunoni, na Stephania akaanza kupiga kelele za uchungu.