Namba ya Fredi

Jamani, kama hamkuwepo kwenye sendofu ya Gloria jana Musoma, mmepitwa. Mchumba wake Fredi, mwalimu wa hesabu kule Kiabakari, alishika maiki akatuambia tutoe simu.

"Andikeni 142857. Zidisheni kwa tatu."

Ikaja 428571. Tukajaribu mbili, tukajaribu tano. Tarakimu zilezile, zinahamishana viti tu.

"Gloria ndiye namba yangu hii," akasema. "Maisha yamzidishe vyovyote, atabaki yuleyule. Sasa jaribuni saba."

"Zinakuja tisa tupu," akadakia Rebeka, msimamizi wa Gloria, hata simu hajagusa.

Gloria akamgeukia taratibu. "Shoga, chuoni hesabu ulikuwaga unakopi kwangu. Hii nani kakufundisha?"

Rebeka akamtazama Fredi. Fredi anaangalia viatu.

"Na wewe pia alikuambia wewe ndiye namba yake?" Gloria akamuuliza Rebeka.

Rebeka akaitikia kwa kichwa, machozi yanamtoka.

Gloria akavua taji lake, akamvika Rebeka mbele ya wazazi wote, akamkalisha kwenye kiti chake.

"Kaa, mdogo wangu. Tunahamishana viti tu. Fredi, mlishe keki."

Fredi akamlisha. Sisi tukapiga picha.