Bushi Nane za Gari la Meneja

Gari la Meneja lililetwa gereji Jumanne saa tatu asubuhi, limeinama upande wa kushoto kama mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Lilikuwa gari dogo la spoti, la viti viwili, rangi ya kijani, limemzidi fundi umri kwa miaka sita. Meneja mwenyewe alikuwa amestaafu kazi ya benki zamani, lakini cheo kilimganda, na hata marehemu mkewe alimwita hivyo hivyo.

"Shikamoo, Mzee," fundi alisema huku akifuta mikono.

"Marahaba, binti yangu. Huyu bibi kizee ameanza makelele. Kwi, kwi, kwi, kila tuta. Halafu nikifika mbele ya hospitali ananivuta kushoto mpaka nashika usukani kwa mikono miwili."

"Hospitali tu?"

"Hapo tu. Na barabara yenyewe imenyooka kama rula."

Fundi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini, hapendi kuharakishwa. Aliweka viganja juu ya boneti, akabonyeza, akaachia. Kulia kukapanda na kutulia. Kushoto kukalia: kwi. Akajua ni bushi kabla hata hajaingia chini ya gari.

Bushi ni kitu kidogo, hakina makuu: kipande cha raba chenye bomba la chuma katikati, kinakaa kwenye maungio ya mikono inayoshika magurudumu. Kazi yake ni kuzuia chuma kisigombane na chuma, na kumeza mtikisiko wa barabara kabla haujamfikia aliyekaa. Gari lile lilikuwa nazo nane mbele, na zote nane zilikuwa zimepasuka kama nyayo za kiangazi.

"Una kilo ngapi siku hizi?" fundi aliuliza. Swali hilo alimuuliza kila mteja wa bushi, na wapya walidhani ana utani. Lakini bolti za bushi hazikazwi gari likiwa limening'inia juu ya jeki. Ukifanya hivyo raba inajikunja siku gari linapokanyaga chini, na haimalizi mwezi. Lazima gari lishushwe, libebe uzito wa watu wake, ndipo bolti zikazwe. Kwa ajili hiyo fundi alikuwa na mifuko ya mchanga iliyopimwa kilo kwa kilo.

"Themanini na moja," alisema Meneja.

"Na kiti cha pili anakaa nani?"

Meneja alitafuta miwani yake mfukoni, na ilikuwa usoni. "Hakai mtu," alisema. Akaondoka kwa miguu, fimbo mkononi, akiwasalimia mafundi wengine mmoja mmoja.

Springi zilikuwa nzima. Fundi alizipima mara mbili, akapima na upepo wa matairi, kisha akaliegesha gari kwenye sakafu iliyonyooka, akaweka pima maji juu ya boneti. Povu likakimbilia kulia, maana kushoto kulikuwa chini. Akaanza kupanga mifuko ya mchanga kwenye kiti cha dereva, mmoja baada ya mwingine, mpaka povu likakaa katikati. Akahesabu. Kilo hamsini na mbili.

Alikaa kwenye kigoda. Nyumbani, ndani ya mkebe wa biskuti, alikuwa na kadi ya kliniki ya mama yake, na mstari wa mwisho wa kadi hiyo aliujua kwa moyo: kilo hamsini na mbili. Aliinuka, akaingiza kichwa dirishani. Kilikuwepo kile kiharufu cha sabuni ya kufulia. Mkanda wa kiti cha kushoto ulikuwa umefungwa, na haukulala juu ya ngozi ya kiti; ulikaa hewani, umezunguka kiuno.

"Kumbe ni wewe," alisema fundi. Akapangusa vumbi kwenye dashibodi ya upande ule, kwa kuwa mama yake hakupenda vumbi.

Mama yake alikuwa dobi nyumbani kwa Meneja. Miaka thelathini na moja iliyopita, fundi akiwa na miaka tisa, mama alizidiwa na homa na tumbo akiwa katikati ya kufua mashuka. Alijikokota mpaka mbele ya nyumba, gauni limelowa chapachapa, akamwomba Meneja amsogeze hospitali. Meneja alikuwa anatoka. Viti vya gari vilikuwa vimeshonwa upya jana yake, ngozi tupu, rangi ya asali. Alimwangalia mama, akakiangalia kiti. "Kauka kwanza," akamwambia. "Nikirudi nitakupeleka." Hakusema kwa ukali. Mama akageuza beseni, akalikalia juani, akasubiri. Saa sita gauni lilikuwa limekauka. Saa tisa alikata roho. Meneja alirudi saa kumi na moja.

Mazikoni Meneja alisimama mstari wa mbele, akalia machozi ya kweli. Alikuja na gari hilo hilo, peke yake. Fundi alijaribu kumchukia kwa miaka mingi, ikamshinda, na kushindwa huko ndiko kulikomuuma zaidi.

Alasiri alilitoa gari kulijaribu. Njiani lililia kila tuta, na kila lilipolia fundi alisema, "Pole, mama." Lilipokaribia hospitali, usukani ukaanza kwenda kushoto wenyewe. Meneja hapo ndipo alipokuwa akishika kwa mikono miwili. Fundi aliachia, na gari likaingia lango la dharura bila kugusa ukingo.

Mlinzi alichungulia ndani, akaandika kwenye daftari: watu wawili.

Muuguzi alikuja akisukuma kiti cha magurudumu. Aliinama upande wa kushoto, akaweka kiganja hewani, mahali panapokaa paji la uso.

"Ana homa," alisema. "Imeanza lini?"

"Mwaka wa thelathini na moja huu."

"Mnachelewa sana kuwaleta. Haya, mama, tushuke taratibu."

Fundi alifungua mlango na mkanda. Wakasubiri. Mgonjwa mwingine akapita, na mwingine. Gari halikuinuka hata unene wa kucha, na mkanda ukarudi wenyewe ukajifunga.

"Gari lako?" aliuliza muuguzi.

"La mteja."

"Basi ndiyo maana. Anamsubiri aliyemwahidi. Wapo wengi wa namna hiyo. Juzi tulikuwa na mmoja kwenye lori la kokoto, aligoma kabisa. Mwambie mwenye gari amlete mwenyewe. Hata jioni tupo." Akaondoka na kiti chake, kwa sababu kulikuwa na foleni.

Jumatano fundi alipanga bushi mezani. Upande mmoja zilikaa nane za raba nyeusi, kama zile gari lilizozaliwa nazo. Upande wa pili nane za plastiki ngumu, nyekundu, aina wanayopenda vijana wa mashindano. Za raba humeza kila kitu, dereva akadhani barabara ni zulia. Za plastiki hazimezi chochote. Kila jiwe, kila ufa, kila mtu unayembeba, vyote unavipata mgongoni, sawasawa kama vilivyo.

Fundi aliziokota nyekundu. Alitaka Meneja asikie. Alitaka akipita mbele ya hospitali zile kilo hamsini na mbili zimpande uti wa mgongo mpaka kwenye meno, kila siku ya Mungu, mpaka siku atakapokunja kona. Aliingiza bushi moja kwenye mashine ya kukandamiza, akashika mpini.

Hapo akamkumbuka mama. Bushi haziwekwi kwa upendeleo. Unachoweka kulia ndicho unachoweka kushoto, vinginevyo gari linakwenda upande kama kaa na breki zinakuja kuua mtu. Jiwe litakalompiga Meneja litampiga na mama, na mama ndiye mwenye homa na tumbo. Fundi alisimama pale na mpini mkononi mpaka chai ikapoa. Angeweza kumtesa mmoja kwa kumtesa na mwingine, au kumtunza mmoja kwa kumtunza na mwingine. Bushi ya namna ya tatu hakuna duka lililokuwa nayo. Alilia kidogo, akapenga kamasi kwa kitambaa chake cha kufutia grisi, akabaki na doa puani.

Meneja alifika adhuhuri kuulizia.

"Mzee," alisema fundi, "kwenye kiti cha kushoto kuna mama."

Meneja alikaa kwenye kigoda, akaiweka fimbo katikati ya magoti. "Najua," alisema. "Tangu mke wangu afariki, ndiye ninayezunguka naye. Namsomea gazeti. Ni msikivu sana."

"Anasubiri umpeleke hospitali."

"Hilo nalo nalijua."

"Mbele ya hospitali unapita kila siku. Nimefika jana, wamesema hata jioni wapo. Na amekauka, Mzee. Kiti nimekigusa mwenyewe, hakina hata unyevu."

Meneja aliitazama mikono yake. Ilikuwa ya kizee, yenye madoa, na fundi aliionea huruma.

"Nitampeleka," alisema. "Sema pale mahali pa kuegesha pana tabu. Wiki hii nina wageni. Acha kwanza gari litengemae, siyo?"

"Ukishuka naye ni dakika kumi tu."

"Nitampeleka, binti yangu. Sijakataa. Hata siku ile sikukataa." Akaziona bushi mezani. "Utaniwekea zipi?"

"Chagua wewe."

"Mimi najua nini? Wewe ndiye unayetujua."

Alipoondoka, fundi alirudisha zile nyekundu kwenye boksi. Akakandamiza za raba, zote nane, moja moja, akizipaka maji ya sabuni ili ziingie bila kuchubuka. Akalishusha gari. Kwenye kiti cha dereva alipanga mchanga kilo themanini na moja. Kwenye kiti cha kushoto hakuweka mfuko wowote. Alilala chini ya gari na kukaza bolti zote kwa uzito ule, polepole, akimsimulia mama habari za wajukuu. Povu la pima maji lilisogea kushoto kidogo tu, kama ilivyopasa kwa uzito wa wawili hao.

Jioni Meneja alikuja kulichukua. Alitandaza gazeti lake kwenye kiti cha kushoto, nalo likatulia hewani, juu ya mapaja, limefunguka ukurasa wa kati. Kutoka langoni, kushoto ni njia ya hospitali, kulia ni nyumbani kwake. Aliwasha taa ya kulia.

Alirudi baada ya mwezi kubadilisha oili. Alishuka mwepesi, uso umechangamka, akampa fundi mikono yake yote miwili.

"Una mkono wa baraka," alisema. "Limetulia! Halilii hata kidogo. Mbele ya hospitali napita kila siku, na siku hizi sisikii kabisa. Halivuti, halitikisiki. Nashika usukani kwa kidole kimoja."

"Na mama?"

"Yupo. Jana tulikwenda ufukweni, juzi kwenye harusi, tumezunguka mji mzima. Nimemnunulia na mto wa mgongoni." Kweli mto ulikuwepo, wa maua, umebonyea. "Tukipata nafasi nitampeleka kule. Sijasahau."

"Sawa, Mzee," alisema fundi.

Alibadilisha oili, akafunga boneti, kisha akazunguka upande wa kushoto na kipimo cha upepo. Aliongeza kidogo tairi la mbele, kiasi kinachofaa gari la watu wawili. Kabla ya kufunga mlango aliweka kiganja hewani, mahali panapokaa paji la uso. Homa ilikuwa bado haijashuka.