Spika za Marehemu Baba Mkwe

Mama mkwe alipohamia nyumba ya chumba na sebule, alisema spika za marehemu mume wake hazina pa kukaa. Zilikuwa kubwa, zinamfika mtu kiunoni, makasha yake ya mbao yamechubuka pembe na kujaa alama za vikombe. Waliozitaka kwa sauti ni wawili: binti yake, aliyekuwa fundi cherehani, na mkamwana wake, ambaye familia nzima ilimwita Chapuchapu.

"Chukueni moja moja," mama mkwe akasema. "Kila mtu airudishie ya kwake ujana. Atakayenipendeza anachukua zote mbili, maana spika moja ni sawa na kandambili moja."

Chapuchapu alifika nyumbani na kuhamisha kabati la vyombo siku hiyohiyo, ukuta ukae tayari. Kisha akalipeleka kasha kibarazani. Akafungua skrubu, akatoa spika yenyewe na nyaya zake, akaiweka mbali na vumbi. Palipobonyea alitandika kitambaa kibichi na kupitisha pasi ya moto, mbao ikanywa mvuke na kuumuka. Alikuwa anapiga mluzi wakati simu ilipoita.

"Wifi," fundi cherehani akasema, "msasa unatumia upi?"

"Ule wa kukwaruza kabisa, kama ulimi wa ng'ombe. Na usifuate nyuzi za mti, vuka katikati. Bonyeza kwa nguvu."

"Asante, wifi. Na mimi nikuambie. Pembeni usipitishe mashine ya msasa. Ile ya juu si mbao nzima, ni ngozi nyembamba iliyogandishwa. Chini yake ni unga wa mbao ulioshindiliwa. Pembeni tumia mkono."

"Nimekusikia."

Chapuchapu alikata simu akacheka peke yake. Tangu harusi, kati ya mawifi hawa hakuna aliyewahi kufuata ushauri wa mwenzake. Mmoja akisema mvua inakuja, mwingine anaanika nguo. Eti atumie mkono. Huyo anataka nisugue mpaka nizeeke, aliwaza, akawasha mashine na kuipeleka moja kwa moja pembeni.

Ilinguruma vizuri. Halafu rangi nyekundu ya mti ikatoweka, na mahali pake pakatokea kitu cheupe chenye chembechembe, upana wa kiganja.

Mume wake alipita na kikombe cha chai, akasimama. "Hiyo nini?"

"Biskuti."

"Lakini dada si alikwambia..."

"Chai yako inapoa."

Alichanganya gundi na vumbi la mbao akaziba. Ilipokauka ilibaki kama kovu. Akapaka vanishi, kovu likang'aa. Mwisho alichukua dawa ya viatu ya kahawia na mswaki wa zamani, akasugua mpaka rangi ikakaribiana, kisha akaleta kalamu yake ya wanja na kuchora nyuzi za mti, moja moja, na kifundo kimoja cha tawi kwa madaha. Kwa mbali hungejua. Kwa karibu kulikuwa na harufu ya siku ya kufungua shule.

Siku ya hukumu, mama mkwe alikaa sebuleni kwa Chapuchapu. Kasha la mkamwana lilikuwa limesukumwa hadi kwenye kona, kama mtoto aliyelowanisha godoro. Fundi cherehani aliingia na lake limefungwa shuka. Alipolifunua, Chapuchapu hakuhitaji kuambiwa. Lilikuwa laini kama paja la mtoto, nyuzi zote zimelala upande mmoja. Mwanamke huyu alikuwa amefanya kinyume cha kila neno aliloambiwa.

"Zuri," mama mkwe alisema. Kisha akaenda kwenye kona. Alilipapasa kasha juu, akateremsha kiganja hadi kwenye pembe, akainua mkono kurekebisha kilemba. Mstari wa kahawia ukampita kwenye paji la uso. Akanusa kiganja.

"Mwanangu, hili kasha linakwenda kazini?"

"Ni dawa ya viatu, mama," Chapuchapu akasema. "Na hiyo mistari ni wanja."

"Wanja wa nani?"

"Wangu."

"Mzuri. Haujachuruzika."

Fundi cherehani alikuwa ameuma ukosi wa gauni lake asicheke. "Si nilikwambia usipitishe mashine?"

"Uliniambia. Nikajua unanidanganya."

"Na wewe ukaniambia msasa wa ulimi wa ng'ombe."

"Hapo nilikudanganya."

"Najua. Ndiyo maana nilitumia laini."

Mama mkwe aliwatazama kama anayetazama kuku wawili wakigombania uzi. "Zinakwenda kwa fundi cherehani. Zote. Na mimi nioneshwe sabuni."

Iliuma. Ukuta ulikuwa wazi, unasubiri. Lakini Chapuchapu hakuwa mtu wa kununa mbele ya wageni. Alishika upande mmoja wa kasha na kusaidia kulitoa hadi kwenye teksi.

"Hizi nyaya," fundi cherehani akauliza, mkono mlangoni mwa gari. "Nyekundu inaingia wapi?"

Chapuchapu alizishika nyaya. "Nikikuambia utafanya kinyume."

"Nitafanya."

"Nikikuambia kinyume?"

"Nitajua umenijua."

"Basi zitalia kama ziko ndani ya pipa."

Dereva alipiga honi. Fundi cherehani akajisogeza kwenye kiti. "Ingia. Utaziunganisha mwenyewe. Na hiyo pembe utakuja kuimaliza kwangu, kwa mkono, nikikuangalia."

Chapuchapu alirudi ndani kuchukua bisibisi. Mama mkwe alikuwa kwenye sinki anasugua paji la uso, na rangi ilikuwa imeenea tu.

"Unakwenda wapi?"

"Kusikiliza spika zangu."

"Za wifi yako."

"Spika ikishalia, mama, haina mwenyewe," Chapuchapu akasema, tayari yuko mlangoni.