Nyayo Zilizokabidhiwa Langoni

Jumatatu, tarehe 9 Agosti 1954, saa tano asubuhi, ng'ombe saba wa Nkwabi walirudi nyumbani bila yeye. Midomo yao ilikuwa na tope bichi. Mkewe, Mbuke, alilitazama lile tope akajua walikotoka. Mwezi ule maji yalibaki mahali pamoja tu: lambo la zamani la kijiji, ambalo tangu Mei mgodi wa dhahabu ulikuwa umelizungushia vibao vya kukataza watu.

Vibao hivyo vililindwa na watu sitini wenye bunduki. Hawakuwa polisi. Walikuwa askari wa kukodiwa, wengi wao walikuwa wamepigana vita Burma, wakaletwa kwa mkataba na Mzungu mmoja aliyeitwa Kapteni. Mwezi Januari Serikali iliwahamisha polisi wake wanne kutoka sehemu ile, ikawapa watu wa Kapteni pingu, pamoja na kazi ya kutunza amani kuanzia mgodini hadi barabara ya Segese. Bomani walisema mzigo umepungua.

Mbuke alimwita Maganga, mwanangwa aliyekisimamia kijiji kwa niaba ya mtemi. Wakafanya kama ilivyofanywa siku zote mtu au mnyama anapopotea: wakafuata nyayo. Za Nkwabi zilisomeka kwa urahisi. Alivaa makatambuga ya mpira wa gari, na la kushoto lilikuwa na pengo kisiginoni. Kutoka lamboni zilikwenda katikati ya alama za buti, jozi moja kulia na moja kushoto, hadi lango la kambi ya walinzi. Hapo ziliingia. Wanaume waliuzunguka uzio wote mpaka jua likageuka. Hazikutoka popote.

Langoni alisimama mlinzi mrefu, jina lake Cornel.

"Nyayo za mtu wetu zimeingia kwako," Maganga akamwambia. "Nakukabidhi."

"Unanikabidhi vumbi, mzee?"

"Nakukabidhi nyayo. Umepokea?"

"Haya, nimepokea." Cornel alicheka. "Nendeni sasa, mnaniziba upepo."

Waliondoka wameridhika. Upande ule wa Usukuma, aliyesema amepokea nyayo alikuwa na siku tano. Ama aonyeshe zilipotokea katika ardhi yake, ama amtoe mtu. Akishindwa, anajibu yeye na ukoo wake. Maganga alikuwa na miaka sitini na hakuwahi kusikia mtu akilisema neno hilo kisha akalitupa. Kwa hiyo hakutuma mtu Bomani, wala kwa mtemi. Aliyepokea husubiriwa.

Mbuke naye alisubiri. Alikuwa ameolewa miaka kumi na mmoja, na katika miaka hiyo Nkwabi hakulala nje ya mji wake ila kwa msiba. Kila jioni, kabla ya kuingia uani, alikuwa akisimama, anavua makatambuga, anayagonganisha mara mbili kukung'uta miiba. Mara mbili, si tatu. Mbuke hakuwahi kujua kwamba anausikiliza mlio ule mpaka ulipokosekana. Jumanne jirani alikung'uta jembe, naye akajikuta amekwisha simama, mwiko mkononi. Jumatano alisonga ugali wa watu watatu. Binti yao, Sikujua, alikula wake, yeye akala wake, na ule wa tatu akaufunika. Alhamisi alifanya vivyo hivyo. Alitaka kwenda langoni, lakini Maganga alimkataza.

"Ukienda kabla ya siku zake, Mama Sikujua, utakuwa umemwita mwongo. Atakuwa na sababu ya kukataa."

"Nimesikia, baba," alisema, akarudi jikoni.

Jumamosi tarehe 14 siku zilitimia. Maganga na Mbuke walikwenda, wakamkuta Cornel yuleyule.

"Tumekuja kwa mtu wetu," Maganga alisema.

"Mtu yupi?"

"Ulisema umepokea."

"Mzee wangu, hapa langoni nasema maneno mengi. Jana nilimwambia mpishi nitamwoa."

Maganga hakucheka. Aliuliza maswali ambayo alipaswa kuyauliza Jumatatu.

"Kwenu wapi?"

"Mbali. Siku nne kwa gari."

"Una shamba hapa?"

"La nini? Mkataba ukiisha Desemba, naenda Kapteni atakakopata kazi."

"Ng'ombe? Mke? Kaburi la mtu wako?"

"Sina hata kuku, mzee."

Maganga alikaa chini palepale vumbini. Alikuwa amemkabidhi nyayo mtu asiye na ardhi ya kuzitolea, wala ukoo wa kuulizwa. Neno la mtu huyo halikuwa limefungwa popote.

Mbuke alisogea karibu na lango. "Niambie tu kama yu hai."

Cornel aliangalia nyuma yake kwanza. "Alhamisi alikuwa hai, dada. Walipakiwa tisa kwenye lori. Yule wa makatambuga alikuwa wa mwisho kupanda."

"Kwenda wapi?"

"Hatuulizi. Anayeuliza hapati mkataba mwingine."

Siku ileile Maganga alituma habari Bomani, na Jumanne iliyofuata Bwana DC, mkuu wa wilaya, alikuja pamoja na polisi wawili. Mmoja, Donatus, alikuwa mzaliwa wa huku, naye ndiye aliyemnong'onezea Mbuke maana ya Kiingereza kilichosemwa. Bwana DC alitaka kuingia na kuona daftari la waliokamatwa. Kapteni alijibu kwa adabu kwamba lango hufunguliwa kwa barua ya wenye mgodi, na wenye mgodi hawakuwa na ofisi katika nchi hii.

"Amemwambia hii ni nchi ya Serikali," Donatus alinong'ona.

"Na yule?"

"Anasema ndiyo, na yeye ndiye ambaye Serikali imemwachia ailinde."

Bwana DC alikuwa na bastola moja na polisi wawili. Nyuma ya Kapteni zilionekana bunduki ambazo vibali vyake alivitia sahihi yeye mwenyewe. Aligeuka kurudi kwenye gari lake.

Mbuke alimkuta njiani, akapiga magoti. "Shikamoo, bwana. Nyayo za mume wangu zimeishia katika nchi yako. Nakukabidhi."

Donatus alitafsiri, ingawa haikuhitajika. Bwana DC alikijua Kisukuma, na desturi ile alikuwa ameiandika kwa mkono wake katika kitabu cha desturi pale Bomani. Alijua neno linalotakiwa na kinacholifuata. Alisimama, mkono kwenye mlango wa gari, kwa muda wa kutosha kulisema.

"Nitaandika barua," alisema hatimaye.

Jumatano alfajiri Mbuke alimwacha Sikujua kwa Maganga, akafuata alama za magurudumu ya lori kutoka langoni. Lori lile lilikuwa na tairi moja la nyuma lililochanika, likiacha mstari uliopinda. Hakulipoteza mpaka Segese. Hapo alama za magari mengi zilichanganyika. Aliuliza nyumba kwa nyumba. Saa kumi alifika kwa Generosa, mke wa fundi cherehani, mtu wa Bukoba.

"Alhamisi, ndiyo," Generosa alisema. "Dereva alisimama kutia maji kwenye rejeta. Wanaume walikuwa nyuma wamefungwa. Mmoja aliomba maji, nikampandishia kibuyu."

"Yukoje?"

"Sikumwona vizuri, dada, jua lilikuwa usoni. Aliongea Kisukuma."

"Miguuni?"

"Makatambuga. Alikuwa ameyavua, ameyaweka mapajani."

Mbuke alishika mwimo wa mlango. "Alikunywa?"

"Alikunywa yote. Akanirudishia kibuyu, akasema *wabeja*, asante ya kwenu. Halafu lori likaondoka, kwa njia ya Kahama."